Kuunda na Kuchonga: Ubao, Kielelezo na Msamiati wa Vyombo vya Baharini

Kila mwanafunzi wa isimu ya Kiswahili hukutana mapema na kitenzi -unda. Hufundishwa uundaji wa maneno, muundo wa sentensi na miundo ya silabi. Akifungua gazeti hukuta tume imeundwa, kamati imeundwa, serikali imeundwa. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kitenzi hiki kilitoka ufukoni. Kamusi za zamani hukieleza kwa kazi ya kuunganisha miti na mbao, na hasa kazi ya kutengeneza vyombo vya baharini. Nyumba ilijengwa, chungu kilifinyangwa, mkeka ulisukwa, mtumbwi ulichongwa, jahazi liliundwa. Kila kazi ilikuwa na kitenzi chake, na msemaji aliyelelewa pwani asingeweza kuvichanganya.

Mhadhara huu unakirudisha kitenzi hiki mahali pake pa kwanza, tena katika umbo lake dogo kabisa: kielelezo cha chombo cha mti kilichotengenezwa kwa skeli, chenye mkuku, mataruma, na mbao zilizopigwa moja baada ya nyingine. Hoja yenyewe ni kwamba kielelezo cha namna hiyo ni ushahidi wa lugha ambao kamusi hazina, na kwamba ushahidi huo haumo katika kielelezo kilichochongwa kutokana na gogo moja, hata kikiwa kizuri namna gani.

Suala la jina litangulie. Kiswahili kina njia nyepesi ya kutaja kitu kidogo, nayo ni ngeli ya ki-/vi-. Jahazi huwa kijahazi, dau huwa kidau, chombo huwa kijombo. Lakini udogo si skeli. Kijahazi chaweza kuwa jahazi dogo linalobeba mchanga na mawe, chaweza kuwa mchezo wa mtoto, chaweza pia kuwa nakala ya chombo halisi iliyopunguzwa kwa kipimo kimoja tangu gubeti hadi usukani. Ngeli haisemi kama uwiano umehifadhiwa. Katika kielelezo cha 1:24, jahazi la mita 18 huwa na urefu wa sentimita 75, na ubao wake wenye unene wa milimita 36 huwa na milimita moja na nusu. Hapo ndipo neno skeli, ambalo walimu wa jiografia wamekwisha kuwazoesha watoto, linapokuwa na kazi. Linatosha, hakuna haja ya kulitafutia jingine.

Mgeni apitaye madukani Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar huona majahazi madogo yamepangwa rafuni. Baadhi ni kipande kimoja cha mti kilichochongwa nje na kukombwa ndani. Mengine yana mbao. Rangi ikishapakwa, mnunuzi haoni tofauti. Kwa lugha, tofauti ni ya msingi. La kwanza limechongwa kama unavyochongwa mtumbwi au ngalawa, kwa kuondoa mti mpaka umbo libaki. La pili limeundwa, kwa kuongeza mti juu ya mti mpaka umbo litokee. Jahazi dogo lililochongwa, kwa hiyo, lina sura ya jahazi na historia ya mtumbwi. Mtafiti akimwomba fundi wake amsimulie alivyolitengeneza, atapata habari za tezo, patasi na msasa. Juu ya ubao hatapata hata sentensi moja, kwa sababu ubao haukuwapo.

Ni lazima basi kueleza kazi ya ubao ilivyo, kwa kuwa wanaisimu wengi wameiona kwa mbali tu.

Asiyewahi kupiga mbao hudhani kwamba kazi ni kupanga vipande vya upana mmoja, kama atandazaye mikeka chumbani. Ubavu wa chombo haukubali hivyo. Chombo ni kipana katikati na chembamba omoni, na mbao zinazotoka katikati zote zinataka kufika omo, ambako nafasi ya kuzipokea haitoshi. Chukuliwe kielelezo ambacho ubavu wake mmoja, ukipimwa kwa ukanda wa karatasi kutoka mkukuni hadi ukingo wa juu, una milimita 120 katikati. Kwa mbao za upana wa milimita 6, zinatakiwa mbao 20. Karibu na omo ukanda ule ule unapima milimita 70. Mbao 20 zikigawana milimita 70, kila moja hupata milimita 3.5. Kila ubao basi hupunguzwa kwa randa, kidogo kidogo, kutoka 6 hadi 3.5, na mwundaji hutia alama za mgawanyo huo juu ya kila taruma kabla ya kugusa gundi au msumari. Wazoefu hushika kanuni kwamba ubao usipunguzwe chini ya nusu ya upana wake, maana ncha nyembamba mno haishiki kitu na hupasuka. Kama omo ingekuwa na milimita 50 tu, hesabu ingetoa 2.5, pungufu ya nusu. Hapo hapana budi baadhi ya mbao zikomee njiani, na kila mbao mbili zinazokoma zipokewe na ubao mmoja. Tezini mambo huweza kugeuka: pakiwa pana kuliko katikati, nafasi huzidi mbao, na pengo hujazwa kwa kipande chenye umbo la kabari.

Halafu kuna suala la kupinda. Ubao hukubali kupinda kwa ubapa wake. Ukilazimishwa upinde kwa ukingo, huinuka upande mmoja na kuacha kidaraja ambacho msasa hauwezi kukiondoa bila kuutoboa ubavu. Kwa hiyo huloweshwa au hupigwa mvuke, huzungushwa kwenye kitu cha moto, kisha huachwa ukauke katika umbo lake jipya. Ubao unaopakana na mkuku ndio mgumu kupita wote, kwa kuwa husimama karibu wima omoni, hulala katikati, kisha husimama tena tezini, na hivyo lazima usokotwe huku ukipindwa. Kabla ya hayo yote, kingo za mataruma huwa zimekwisha kutolewa mshazari, ili ubao ulale juu ya upana wote wa taruma badala ya kugusa pembe tu. Na mbao hupigwa kwa zamu, mmoja upande wa kushoto, mmoja upande wa kulia. Za upande mmoja zikitangulia zote, huuvuta mkuku. Na mkuku uliokwisha kupinda chini ya mbao zilizokauka haunyoshwi tena.

Vitenzi vilivyotumika katika maelezo hayo vinastahili kuangaliwa. Si istilahi ngeni. Ni -pinda, -lowesha, -sokota, -punguza, -pakana, -koma, -pokea, na viambishi tamati vya kila siku. Lakini ndani ya kazi hii viambishi hivyo hupata ukali ambao darasani haupo. Ubao unaopindika ni ule ambao haujapindwa bado. Sifa imo katika mti wenyewe. Ubao uliopindwa umepita mkononi mwa mtu. Ubao uliopinda, bila ya kutajwa mtu, ni ubao ulioharibika rafuni. Fundi akitumia moja ya maumbo hayo pahali pa jingine, msaidizi wake ataleta ubao usiofaa. Mwalimu anayetafuta mifano ya kauli ya kutendeka na ya kutendwa angefaidika kuhamisha somo lake nusu saa hadi kwa seremala.

Kamusi zinasemaje? Kwa upande wa nomino zimefanya kazi ya kusifiwa. Kamusi ya Krapf iliyochapishwa 1882, ile ya Johnson ya 1939, ile kubwa ya Sacleux iliyoanza kutoka mwaka huo huo, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ya 1981 pamoja na matoleo yake ya baadaye, zote zina hazina ya vyombo. Humo mna mkuku, taruma, omo, tezi, shetri, gubeti, fashini inayoshika usukani, mstamu unaopokea kitako cha mlingoti, foromali, demani, joshi. Mna kalafati, neno lenye jamaa zake kutoka Uarabuni na Uturuki hadi Ureno, na mna deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa unaopakwa chini ya chombo. Aliyesoma orodha hiyo angeweza kuchora jahazi na kulitia majina pande zote.

Asingeweza kuliunda. Katika kamusi za jumla ubao ni ubao tu. Ule wa mkukuni, ule wa ukingoni, ule unaokoma njiani na ule wa umbo la kabari hujumuishwa chini ya neno moja, nalo hueleza kwa usawa ubao wa meza, wa mlango na wa darasani. Sababu yake si uzembe. Mkusanyaji wa maneno kwa kawaida huonyeshwa kitu kilichokwisha kutengenezwa; hunyoosha kidole na kuuliza, hiki kinaitwaje? Juu ya chombo kilichokamilika mtu hunyooshea kidole mlingoti, usukani na gubeti. Ubao mmoja miongoni mwa arobaini, uliokwisha kukalafatiwa na kupakwa mafuta ya sifa, hauna mwanzo wala mwisho wa kunyooshewa kidole.

Kuna kitu kingine ambacho kamusi haiwezi kubeba hata ikitaka, nacho ni mfuatano. Kiswahili hubeba mfuatano wa matendo kwa kiambishi -ka-. Wakalaza mkuku, wakasimamisha omo na tezi, wakashona mbao, wakatia mataruma. Hiyo ni namna moja. Wakalaza mkuku, wakasimamisha mataruma, wakapiga mbao: hiyo ni namna nyingine kabisa, ingawa nomino zake zote ni zile zile. Katika ya kwanza ubao ndio unaotoa umbo, na taruma huchongwa lifuate ubao. Ndivyo vilivyoundwa vyombo vya kushonwa vya Bahari ya Hindi. Katika ya pili taruma ndilo linalotoa umbo, na ubao hufuata. Ndivyo vinavyotengenezwa vielelezo vingi vya Ulaya vinavyouzwa kwa vifurushi, ambavyo mataruma yake hukatwa kiwandani na mnunuzi hubakiwa na mbao peke yake. Tofauti ya mapokeo mawili ya uundaji, ambayo wanahistoria wa vyombo wameandika mengi juu yake, katika Kiswahili huonekana katika mpangilio wa -ka- kabla haijaonekana penginepo. Kamusi hupanga maneno kwa alfabeti, na alfabeti haijui kilichotangulia.

Mfano bora wa kielelezo kilichosaidia kusoma mfuatano uliopotea unatoka Misri. Mwaka 1954, kando ya piramidi kubwa ya Giza, lilifunguliwa shimo lenye chombo cha mfalme Khufu, kilichozikwa kikiwa kimekongolewa vipande vipande zaidi ya miaka 4500 iliyopita. Vipande vilikuwa 1224, vingi vikiwa vya mwerezi wa Lebanoni. Kazi ya kuviunganisha alipewa Ahmed Youssef Moustafa, mrekebishaji wa vitu vya kale aliyekuwa mahiri katika kazi yake lakini hakuwa mwundaji wa vyombo. Alikwenda kwa mafundi wa vyombo vya mto Nile akatazama wanavyofanya. Kisha akatengeneza vielelezo vya vipande vile kwa skeli ya 1:10, akavijaribu mkononi kabla ya kuinua mbao zenyewe. Kazi nzima ilichukua zaidi ya miaka 10, na chombo kikasimama kikiwa na urefu wa mita 43 na ushei. Mbao zake zilifungwa kwa kamba zilizopitishwa katika matundu yaliyopinda ndani ya unene wa ubao, yasiyotokeza nje, hata maji hayakuwa na pa kupitia katika matundu hayo. Mwaka 2021 chombo hicho kilihamishiwa katika Jumba Kuu la Makumbusho ya Misri.

Kwa mwanaisimu, kuna jambo moja katika habari hii linalozidi mengine. Juu ya mbao zile maseremala wa kale waliandika alama za aina nne, kila moja kwa robo yake ya chombo: omo kushoto, omo kulia, tezi kushoto, tezi kulia. Ubao uliandikwa mahali pake kama neno linavyobeba kiambishi kinachoonyesha kazi yake katika sentensi. Alama hizo zilisomeka vizuri pale tu mrekebishaji alipokuwa na mbao ndogo za kugeuza mkononi na kujaribu. Kinyume chake ni vijombo vilivyokutwa mwaka 1920 katika kaburi la Meketre huko Thebes, vya zama za baadaye zaidi. Vinapendeza, vina wapiga makasia na wapishi, lakini miili yake ilichongwa. Vinasema mengi juu ya watu waliosafiri. Juu ya ubao havisemi lolote.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na chombo chake cha kushonwa, mtepe. Uliundwa hasa na Wabajuni na majirani zao wa visiwa vya Lamu. Mbao zake ziliunganishwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka, la pembe nne. Ulibeba boriti za mikoko na bidhaa nyingine kusini hadi Mombasa na Zanzibar. Ulitoweka baharini katika miongo ya kwanza ya karne ya 20. James Hornell aliandika makala juu yake mwaka 1941, naye A. H. J. Prins akaueleza tena pamoja na utamaduni mzima wa mabaharia wa Lamu. Kwa kuwa hakuna mtepe wa zama hizo uliobaki, mtu atakaye kuujua ana maandishi, picha chache na vielelezo vilivyohifadhiwa katika makumbusho. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtepe wa ukubwa kamili uliundwa upya kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, Zanzibar, ukashonwa kwa mikono ya mafundi walio hai. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Katika mtepe -shona si sitiari. Kamba hupita tunduni, hukazwa, tundu huzibwa, na mshono hufuata urefu wa ubao kama mshono wa kanzu. Kielelezo cha mtepe kilichogundishwa kwa gundi ya dukani kinaweza kuwa na gubeti refu na macho yaliyochorwa kwa usahihi wote, na bado kikawa kimefuta kitenzi kilichokuwa kikitambulisha chombo. Atakayetengeneza kielelezo cha mtepe kwa ajili ya chuo au makumbusho atakuwa na haki ya kuulizwa kwanza: kimeshonwa?

Haraka ya suala hili inatokana na yanayotokea ufukoni leo. Boti za faiba zimeenea pwani yote. Boti la faiba hutengenezwa katika kalibu: halina ubao, halina kalafati, halina taruma kwa maana ya zamani. Mvuvi ana haki ya kulipenda, maana halitaki kukalafatiwa kila msimu, na hapana mwanaisimu anayeweza kumwambia arudi kwenye mti ili maneno yapone. Hata hivyo, mabadiliko ya mali ghafi peke yake hayaui msamiati. Mwaka 2018 ilishushwa majini huko Lamu Flipflopi, chombo cha mita 9 hivi kilichotengenezwa kwa takribani tani 10 za plastiki iliyorejelezwa, chini ya fundi Ali Skanda. Mwanzoni mwa mwaka 2019 kikasafiri hadi Zanzibar, mwendo wa kilomita 500 hivi. Mkuku, mataruma na mbao zake zote zilikuwa plastiki. Lakini zilikuwa mkuku, mataruma na mbao: zilikatwa, zikachongwa, zikapigiliwa, na nafasi baina yake zikazibwa. Kiliundwa. Plastiki ya Lamu imehifadhi vitenzi ambavyo gogo zuri la mvule lililochongwa dukani limeviacha.

Linabaki suala la istilahi, ambalo wanafunzi wa chuo ndio watakaolimaliza. Njia ya haraka ni kuchukua maelezo ya kifurushi cha Ulaya na kukitafutia kila aina ya ubao jina mezani. Njia hiyo imekwisha kutumika katika taaluma nyingi, na baadhi ya istilahi zilizopatikana hivyo zimeishi vitabuni tu. Kwa kipande kinachojaza pengo la tezini, ubao wa kabari ungeeleweka mara moja, kwa kuwa kabari ni neno ambalo kila seremala analo. Kwa ule unaokoma njiani ni afadhali mtu asipendekeze kitu kabla ya kwenda Matondoni, Nungwi, au pengine popote ambapo vyombo vinaundwa, na kusikiliza.

Na namna ya kusikiliza ina maana. Mafundi wa jadi wa pwani huunda kwa jicho, bila mchoro. Ukiwauliza nje ya kazi hupokea swali kwa adabu na kujibu kwa ufupi. Chombo halisi huchukua miezi, na mtafiti mwenye likizo ya wiki mbili hukuta hatua moja tu ya kazi. Kielelezo cha sentimita 75 kinaweza kupigwa mbao zote mbele yake, na kinasa sauti kikiwa wazi. Aombe kiundwe, kisichongwe. Na gharama ya siku za fundi iingizwe katika bajeti ya utafiti tangu mwanzo, kama zinavyoingizwa nauli. Asiulize jina la kila kitu. Aulize sasa unafanya nini, na kwa nini si huo mwingine kwanza. Aache majibu yaje na -ka- zake. Fundi wa Lamu na fundi wa Unguja huenda wakataja ubao ule ule kwa maneno mawili, Kiamu na Kiunguja, na yote mawili yaandikwe pamoja na mji wake, kabla kamati yoyote haijaketi kuchagua. Mbao mbili zitakapofika pahali pa kupokewa na mmoja, fundi atasimama kidogo, atazigeuza, pengine atamwambia mwanagenzi wake neno moja bila kumtazama mgeni. Neno hilo ndilo la kuandikwa.